Kazi Ikishalipiwa, Iende kwa Aliyelipa

Hotuba kwa walimu, waandishi, wanamuziki na wapiga picha wa Lubumbashi

Waprofesa wetu, walimu wa shule, waandishi, wanamuziki, wapiga picha, nanyi vijana mnaowatengenezea hawa wote tovuti: jambo sana. Aksanti kwa kuja, hasa ninyi mliotoka Likasi na Kipushi asubuhi hii.

Nimeombwa niseme juu ya kazi zinazouzwa kwenye tovuti, zile ambazo mtu analipia kisha anapakua. Katika ukumbi huu kuna wenye sillabusi, kuna wenye vitabu vya item, yaani maswali ya kuchagua jibu, vya kuwatayarisha wanafunzi kwa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kuna wenye albamu, wenye picha, na wenye masomo ya video ya ushonaji na ya hesabu za biashara. Wengi mmeniletea habari moja kwa maneno mbalimbali. Wiki ya kwanza watu wananunua. Wiki ya pili faili inaonekana kwenye kundi la WhatsApp. Baada ya hapo hakuna anayenunua, na wanafunzi wanakufuata njiani kukuuliza maswali juu ya kitabu ambacho hawakukilipa.

Jambo hili linaniuma. Nawajua walimu wanaotunga mazoezi usiku, baada ya kufundisha madarasa yaliyojaa mchana kutwa, wakitumaini kitabu kile kitalipa minerval, yaani ada ya shule, ya watoto wao. Nawajua wanamuziki waliokopa ili waingie studio. Mtu wa namna hiyo akiona kazi yake inagawiwa bure na watu ambao hawamjui hata kwa jina, anaacha kutunga. Nasi sote tunabaki na sillabusi za zamani na nyimbo za zamani.

Kuna kitu lazima tukikubali kwanza, la sivyo mtatupa fedha bure. Faili ikishafika kwenye simu ya mnunuzi, huwezi kuizuia isinakiliwe. Ili mtu asome ukurasa, lazima ukurasa uonekane kwenye kioo cha simu. Ili asikie wimbo, lazima sauti itoke. Kinachoonekana kinapigwa picha, kinachosikika kinarekodiwa. Kufuli yoyote utakayoiweka, lazima umpe mnunuzi ufunguo wake, maana bila ufunguo hawezi kutumia kitu alichokinunua. Ukishampa, anao.

Wenye mali nyingi kuliko sisi wamejaribu. Kampuni za filamu ziliweka kufuli kwenye DVD. Mwaka 1999 ikatoka programu ya kuifungua, na mmoja wa walioitoa alikuwa mvulana wa Norway wa miaka 15, Jon Lech Johansen. Mwaka 2005 Sony BMG iligunduliwa kuwa imeweka kwenye CD za muziki programu iliyojificha ndani ya kompyuta za wanunuzi na kulegeza usalama wake. Ikabidi CD hizo zirudishwe na kampuni ikashtakiwa. Waliopata hasara walikuwa wale waliolipa. Aliyepata nakala ya wizi hakuguswa. Mwaka 2009 Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo za iTunes, na duka halikufa. Tena mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Seva za kufuli, yaani kompyuta za kampuni zilizokuwa zikitoa ufunguo, zilipozimwa, vitabu vilivyokwisha kulipiwa havikufunguka tena, na kampuni ikawarudishia watu pesa zao. Kampuni kubwa ina pesa za kurudisha. Wewe na mimi hatuna.

Na nenosiri la PDF, ambalo wengi wenu mnaulizia? Yako ya aina mbili. Moja linahitajika ili kufungua kitabu: hilo mnunuzi ataliandika chini ya faili anapoituma kwenye kundi, na kazi imekwisha. La pili linakataza kuchapisha na kunakili maneno. Hilo linafanya kazi pale tu programu ya kusomea inapokubali kulitii, na ziko nyingi zisizotii. Usijisikie salama kwa sababu yake.

Sisemi haya ili mkate tamaa. Nataka juhudi ziende mahali zinapozaa matunda, na mahali pa kwanza ni tovuti zenu wenyewe.

Nikiitwa kuangalia tovuti ambayo kazi zake zinavuja, sianzi kwa kumtafuta mwizi. Nafungua Google, naandika site: nikifuatisha anwani ya tovuti ile, kisha filetype:pdf. Mara nyingi kitabu kinachouzwa kinatokea pale pale, kizima, cha bure, kwa mtu yeyote duniani. Hakuna aliyevunja chochote. Kitabu kiliachwa hadharani na mwenye nacho, na mashine ya kutafuta ikapita ikakiandika kwenye orodha yake.

Inakuwaje? Tovuti nyingi za hapa kwetu zimejengwa kwa WordPress. Ukipakia faili kwa njia ya kawaida, inawekwa kwenye wp-content/uploads, ndani ya folda ya mwaka na folda ya mwezi. Folda hiyo ni ya hadharani kwa makusudi, kwa sababu ndimo zinamokaa picha za kurasa. Mwenye anwani anapakua, awe amelipa au hajalipa. Tena anwani yenyewe inakisika. Kama umemuuzia mtu sura-1.pdf, atashindwa nini kuandika sura-2.pdf?

Wengine, wakiambiwa hivyo, wanakimbilia kuandika jina la folda kwenye faili ya robots.txt ili Google isiingie. Faili hiyo ni ombi la heshima kwa mashine za kutafuta, na binadamu yeyote anaweza kuifungua akaisoma. Ukiandika humo jina la folda ya vitabu vyako, umewaambia watu wapi wakachimbe.

Na wako wengi, tena wengi sana, wanaoweka kitabu Google Drive, wanachagua «yeyote mwenye kiungo», halafu kila anayelipa kwa M-Pesa wanamtumia kiungo kile kile. Ndugu zangu, kiungo hicho hakijui nani amelipa. Ni kimoja kwa wote na hakifi. Mnunuzi wa kwanza akikituma kwa rafiki, hata kama alifanya kwa wema tu ili kumsaidia mwenzake wa kitanda bwenini, umekwisha kupoteza mlango. Kama hamtabadilisha kitu kingine chochote baada ya mkutano huu, badilisheni hicho.

Namna nzuri ni hii. Faili ya kuuza inakaa nje ya folda ya hadharani, mahali ambapo kivinjari hakifiki hata mtu akijua jina lake. Mbele yake kunakaa programu inayouliza: huyu ni nani, amelipa, anadai faili ipi? Jibu likiwa sawa, programu inaiagiza seva itoe faili. Kwenye programu ya seva ya nginx njia hiyo inaitwa X-Accel-Redirect, kwenye ile ya Apache ni X-Sendfile. Vijana mnaotengeneza tovuti mnayajua majina hayo, na kama hamyajui, yaandikeni sasa. Anayeuza kwa WooCommerce, programu ya duka ya WordPress, ana mipangilio mitatu ya kutoa faili. Mmoja wao unamwelekeza tu mnunuzi kwenye anwani halisi ya faili, nayo inabaki wazi kwake na kwa kila atakayemtumia. Msiuchague huo, hata kama ndio mwepesi.

Halafu kuna viungo vyenye sahihi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo kazi inayolipa kuliko zote kwa gharama ndogo. Seva inachukua jina la faili, saa ambayo kiungo kitakufa, na neno la siri linalojulikana na seva peke yake. Inavichanganya kwa hesabu na kupata mfuatano mrefu wa herufi na namba. Mfuatano huo ndio sahihi, na unaandikwa ndani ya kiungo pamoja na saa ya mwisho. Mtu akibofya, seva inarudia hesabu. Akiwa amebadilisha hata herufi moja, tuseme amejiongezea siku mbili, sahihi haitalingana na atakataliwa. Ni kama tiketi ya mechi ya TP Mazembe kule Kamalondo: ina tarehe yake, na aliyeiokota Jumatatu haimsaidii Jumapili ijayo. Nginx ina moduli ya kazi hiyo, inaitwa secure_link. Wanaoweka faili zao kwenye hifadhi ya Amazon S3 wana viungo vya namna hiyo tayari, na umri wao hauwezi kupita siku 7.

Kabla ya kiungo kuna malipo. Hapa mjini watu wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na ndiyo maana lazima niwaonye juu ya mambo mawili. La kwanza ni picha ya ujumbe wa malipo. Mtu anakutumia picha ya kioo cha simu inayoonyesha amelipa, nawe una haraka, uko sokoni, unamtumia kitabu. Picha ile inatengenezwa kwa dakika moja. Angalia salio lako au rekodi ya muamala, usiangalie picha. La pili ni la watengenezaji: tovuti nyingi zinampeleka mnunuzi kwenye ukurasa wa «Aksanti kwa kulipa», na kiungo cha kupakua kimeandikwa humo humo. Anwani ya ukurasa ule ni moja kwa watu wote, kwa hiyo aliyeifikia mara moja anawapa wengine. Seva yako isubiri taarifa inayotoka kwa mfumo wa malipo wenyewe, ihakikishe kwamba kweli imetoka huko, ilinganishe kiasi na namba ya oda, ndipo ifungue.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo washauri wa mbali hawalijui, kwa sababu hawaishi hapa. Shauri linalotolewa kila mahali ni hili: kiungo kiishi saa moja, kipakuliwe mara moja tu, kifungwe kwa anwani ya IP, yaani namba ambayo mtandao unaipa simu au kompyuta. Ukifanya hivyo Lubumbashi, utawafungia nje wanunuzi wako na utamwacha mwizi anatembea.

Fikirini mwanafunzi wa Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu chetu. Amelipa saa mbili usiku. Ameanza kupakua, umeme umekatika, mnara umezimika, simu imepoteza mtandao. Anarudi kesho asubuhi, na kiungo kimekufa. Au ameendelea kupakua kutoka pale alipoishia, kama simu zinavyoweza kufanya: simu inaiomba seva ile sehemu iliyobaki tu. Programu isiyo makini inahesabu kila kipande kama upakuaji mzima, na baada ya vipande vitatu inamwambia amemaliza haki yake, naye hajapata kitabu. WooCommerce ina mpangilio wa jambo hili hili, wa kuamua kama upakuaji wa nusu unahesabiwa. Nendeni mkautazame.

Na IP? Simu zetu zinaingia intaneti kupitia kampuni za mawasiliano, na kampuni hizo zinawaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Mtu na jirani yake ambaye hata hawajuani wanaweza kuonekana kwa seva kama mtu mmoja. Huyo huyo akitoka nyumbani Katuba akaingia mjini, akabadilisha laini kwa sababu laini nyingine ina mega za bei nafuu, namba yake inabadilika. Kufunga kwa IP hapa ni kuwaadhibu waliolipa.

Ninachowashauri ni kiungo cha siku mbili au tatu, upakuaji kamili mara nne au tano, na zaidi ya yote njia ya mnunuzi kujipatia kiungo kipya bila kukuomba. Anaandika namba yake ya simu, anapokea msimbo kwa SMS, anaona vitu alivyonunua, anabofya. Kiungo kimoja kinakufa haraka, lakini haki ya mnunuzi haifi. Mtu asiye na namba ile hapati msimbo, na mwenye namba hatakubali kuwapokelea misimbo watu mia moja usiku kucha. Mkiona mnunuzi mmoja ameomba viungo vipya mara ishirini kwa siku, hapo mna sababu ya kumpigia na kumuuliza, kwa adabu, kuna tatizo gani.

Wenye video niseme nao kwa kifupi. Msiwape watu faili nzima ya MP4. Kuna namna ya kuikata video vipande vidogo na kuvisimba, yaani kuvifunga kwa ufunguo wa siri, inayoitwa HLS, ikachezwa ndani ya tovuti kwa aliyeingia kwa akaunti yake. Kioo cha simu bado kinaweza kurekodiwa, lakini umeondoa ule urahisi wa kubofya mara moja na kutuma.

Turudi kwa faili iliyokwisha kufika mkononi mwa mnunuzi halali. Nimesema huwezi kuizuia isinakiliwe. Unaweza kuipa jina. Kila nakala inapotolewa, seva inaandika juu ya kurasa zake: nakala hii imenunuliwa na fulani, oda namba fulani, tarehe fulani. Vitabu vya Harry Potter vilipoanza kuuzwa kielektroniki kwenye Pottermore mwaka 2012, viliuzwa hivyo, bila kufuli, vikiwa na alama ya mnunuzi ndani yake. Mtu anayefungua kitabu na kuona jina lake mwenyewe anasita. Ile nia ya kutuma kwenye kundi la watu mia mbili inapungua, kwa sababu kundi zima litasoma jina lake.

Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Kwa tovuti za PHP kuna maktaba ya FPDI, kwa wanaotumia Python kuna reportlab ya kutengeneza maandishi ya alama na pypdf ya kuyabandika juu ya kila ukurasa. Kijana mwenye bidii anaimaliza kwa siku chache. Lakini kuna ufundi wake. Alama isiwekwe pembeni tu ambapo inakatwa kwa urahisi. Ipite juu ya maandishi, kwa rangi nyepesi, mahali tofauti kwenye kurasa tofauti. Isiwe kwenye ukurasa wa kwanza peke yake, kwa sababu huo unafutwa kwanza. Iandikwe pia ndani ya taarifa za faili, ingawa hizo zinaondoka kirahisi. Na namba ya oda iwekwe mahali pawili au patatu ambapo msomaji hatazamii, kwa mfano kwenye mstari mdogo chini ya jedwali. Kwa wanamuziki, jina lililoandikwa kwenye taarifa za MP3 linafutwa kwa programu yoyote ya simu. Alama iliyofichwa ndani ya sauti yenyewe inadumu zaidi, ila inahitaji programu maalumu na mtu anayeielewa.

Nawaomba sana jambo moja hapa. Msiandike namba kamili ya simu ya mnunuzi juu ya kurasa. Hapa kwetu namba ya simu ndiyo pochi ya mtu, na pengine yuko dada mdogo ambaye hataki wanaume wasiomjua wampigie. Jina na namba ya oda vinatosha. Namba ya simu unayo wewe kwenye rekodi zako. Na mwambieni mnunuzi mapema, kabla hajalipa, kwamba nakala yake itakuwa na jina lake. Akishtukia baadaye ataona umemtega.

Nakala ikipatikana kwenye kundi, jina lililo juu yake halitoshi kumhukumu mtu. Simu zinaibwa. Ndugu wanaazimana simu. Mdogo wake anaweza kuwa ameituma bila yeye kujua. Mpigie kwanza. Mara nyingi utamkuta ameona aibu, na atakuwa wa kwanza kumwambia mkuu wa kundi aifute. Mkuu wa kundi naye zungumza naye kama mtu na mtu, umweleze kazi ile ni ya nani na inalisha nani. WhatsApp imesimba ujumbe kati ya simu na simu, hata kampuni yenyewe haisomi kinachopita, kwa hiyo msitegemee itafute faili yenu kwa niaba yenu. Mkuu wa kundi anaweza kufuta kwa sekunde moja.

Pale mazungumzo yanaposhindwa, sheria ipo. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 ndiyo inayolinda haki za watunzi nchini Kongo, katika maisha yao yote na miaka 50 baada ya kufa kwao. Chukueni mzee wetu Mwenda wa Bayeke, mpiga gita wa Katanga ambaye rekodi zake za miaka ya 1950 zilizunguka dunia: alifariki mwaka 1990, na kwa sheria hiyo tungo zake zina wenyewe hadi mwaka 2040. Ni vijana wangapi wanazipakia mtandaoni wakidhani ni mali isiyo na mtu? SOCODA, shirika la watunzi lililoundwa mwaka 2011, ndipo mahali pa kutangaza kazi zenu. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Sheria ya Dijitali (Code du numérique), ordonansi-sheria namba 23/010, inayotambua maandishi ya kielektroniki. Kwa hiyo tunzeni rekodi: nani alinunua, lini, nakala yenye namba gani, na picha za mahali mlipoikuta ikigawiwa, zikiwa na tarehe na anwani kamili.

Kama faili imewekwa kwenye tovuti ya nje, kwenye Facebook, YouTube au kwenye matokeo ya Google, sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA inawapa njia. Kampuni hizi zina fomu za kuripoti. Unaandika jina lako, kazi yako, anwani kamili ya mahali ilipo nakala ya wizi, tamko kwamba hukuruhusu na kwamba wewe ndiwe mwenye haki, kisha sahihi. Kongo imo katika Mkataba wa Berne, na chini ya mkataba huo haki ya mtunzi haisubiri kusajiliwa. Hamhitaji wakili wa kuwajazia fomu. Kiwekeni kiolezo tayari kwenye kompyuta, ili siku ikitokea mjaze na kutuma saa ile ile. Nakala iliyoondolewa siku ya kwanza haijapata muda wa kuzaa nyingine.

Sasa niruhusuni niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Watu wengi wanaosambaza kazi zenu hawakukusudia kuwaibia. Wamefanya hivyo kwa sababu kununua kwenu ni kugumu kuliko kupewa na rafiki. Nimefungua vitabu vinavyouzwa hapa mjini: kurasa zilizopigwa picha kwa simu, faili ya mega 80. Mwanafunzi akinunua, gharama ya kuipakua inaweza kukaribia bei ya kitabu. Atafanya nini? Mmoja atapakua, na wengine watapokea kwa Xender au Bluetooth bila kutumia mega hata moja. Chapeni maandishi upya, punguzeni picha, kitabu kile kile kitakuwa na mega 4 au 5. Hapo umeondoa sababu kubwa ya kupeana.

Bei nayo. Linganisheni na fotokopi, kwa sababu ndiye mpinzani wenu wa kweli pale Kasapa. Kama PDF yako ni ghali kuliko kwenda kupiga fotokopi kitabu kizima, mwanafunzi ameshafanya hesabu kabla yako. Mwuzie kwa sura. Mruhusu aliyenunua sura mbili aongezee pesa kidogo apate zilizobaki.

Na mwuzieni darasa zima. Kila promosheni, yaani darasa la mwaka mmoja, ina CP wake, kiongozi wa wanafunzi, na CP anajua kukusanya pesa kuliko mfumo wowote wa malipo. Mpeni bei ya kundi: wanafunzi sitini, kila mmoja kwa nusu ya bei, CP analeta orodha ya majina na namba za simu, na kila mmoja anapata nakala yake yenye jina lake. Hebu angalieni kilichotokea hapo. Kundi la WhatsApp mlilokuwa mnaliogopa limekuwa mteja. Hakuna aliyebaki ndani yake wa kutumiwa faili ya bure, maana wote wanayo. Profesa mwenye promosheni tatu anaweza kupata zaidi kwa njia hiyo kuliko alivyokuwa akipata kwa kuuza mmoja mmoja na kukasirika.

Wenye vitabu vya item, mna silaha nyingine ambayo mwizi hana: mwaka mpya wa masomo. Aliyenunua kwenu apate masahihisho, apate mazoezi mapya, apate majibu yaliyoelezwa hatua kwa hatua, apate kuuliza swali Jumamosi na kujibiwa. Nakala inayozunguka kwenye kundi ni ya mwaka jana na makosa yake yamo bado. Wanamuziki vivyo hivyo: aliyenunua albamu apate maneno ya nyimbo, apate nafasi ya mbele kwenye onyesho lenu.

Nimeweka meza pale karibu na dirisha, na vijana wawili wanaojua kazi hii watakaa nami hadi saa kumi na moja. Leteni simu zenu. Tutaandika site: na anwani ya tovuti yako, tuone kinachotokea, na kile kitakachoonekana hadharani tutakiondoa kabla hujarudi nyumbani. Mwenye viungo vya Google Drive aanze kupanga mstari sasa hivi.